Kitambaa cha Upande wa Kushoto

Editha mwanangu,

Sasa hivi umeingia humu ndani na ndala zako za matope, umevuta droo, umechukua spana namba kumi, umeifuta kwenye sketi kama mtu anayefuta kijiko, ukatoka. Ulipofika mlangoni ndiyo ukageuka. "Mama, unaandika nini?"

Nikasema naandika orodha ya vitu vyako.

"Vitu vyangu ni begi moja na ndoo. Orodha ya nini tena?" Ukaenda zako unacheka.

Basi hii siyo orodha. Mambo ya neti, ya sabuni, ya kutolala na njaa, utayasikia kesho kituoni, nitayasema mpaka kondakta aniombe niteremke kwenye basi lake. Hapa naandika lile ambalo mdomo wangu umelikataa. Nilipanga kuificha barua hii katikati ya madaftari yako, uikute ukishafika Kasulu, mimi nikiwa huku Kibondo, mbali na macho yako. Bado nataka hivyo. Sijui.

Nimekaa kwenye kitanda chako kwa sababu dirisha lake linatazama uani. Nakuona. Umepiga magoti kando ya pikipiki ya babu yako. Kabureta mbili zimelala juu ya gunia, ya kushoto upande wa kushoto, ya kulia upande wa kulia, na midomo ya injini umeiziba kwa vitambaa viwili nilivyokupa. Babu amekaa kwenye kigoda anachambua maharage yako ya kwenda nayo. Haoni vizuri siku hizi, anachambua kwa vidole, na kila kijiwe anachokipata anakitupa kwenye ukuta wa choo. Nasikia tu: tak. Halafu kimya. Halafu tak.

Nimesimama nikaenda kuangalia sufuria. Nimerudi. Sufuria haina shida yoyote.

Leo nimejaribu mara tatu kukuambia. Asubuhi kisimani, akaja yule rafiki yako wa kwaya kukuaga. Mchana tukikunja nguo, nikaishia kukukosoa namna unavyokunja. Mara ya tatu wewe mwenyewe ulinifungulia mlango, na mimi nikaufunga. Ulikuwa umefungua vibakuli vya kabureta, umetoa jeti zote mbili, umeziinua juani unachungulia vitundu vyake. Ukamuuliza babu:

"Babu, si ulisema yule Mrundi aliuza vya ndani?"

"Ego, aliuza," babu akasema. Ndiyo yake ya siku zote.

"Mbona vyote vipo? Hii ya kushoto ina namba ileile ya kulia. Uchakavu wake ni mmoja, ni pacha kabisa. Boya lipo, sindano ipo. Sasa aliiba nini?"

Babu akatupa kijiwe. "Labda aliogopa akarudisha."

"Alirudishaje na ulimfukuza siku hiyohiyo?"

Ukanigeukia mimi. Nilikuwa nimeshika mwiko. Nikasema, "Nenda kanawe, ugali umeiva." Ugali haukuwa umeiva, Editha. Maji yalikuwa hayajachemka. Uliona, ukaenda kunawa.

Yule Mrundi ni baba yako. Hilo unalijua tangu darasa la tano, ulipoambiwa na watoto wa jirani ukaja kuniuliza. Nilikujibu kwa jibu la babu: alikuwa fundi, aliiharibu pikipiki, akaiba, akakimbia. Na wewe ukalibeba hivyohivyo. Wiki iliyopita ulipopata barua ya chuo ulisema, "Nasikia yuko Kasulu. Nikikutana naye nitavuka barabara." Wale vijana wa bodaboda wanaokunywa chai yangu wakakusifu. Mimi nilimimina chai mpaka ikafurika kikombe.

Ngoja nikuambie tangu mwanzo. Wewe ni fundi, utanielewa kwa kazi kuliko kwa maneno.

Pikipiki hii aliachiwa babu yako na padri mmoja wa kizungu aliyekuwa akizungukia vigango. Babu ndiye alikuwa akimpikia na kumwonyesha njia. Padri alipozeeka akarudi kwao, akamwachia. Silinda mbili, eksozi mbili, kabureta mbili, hakuna nyingine ya namna hiyo kuanzia hapa mpaka Kasanda. Nilipokuwa na miaka kumi na saba ilianza kukohoa. Mafuta ya kwenye chupa, vumbi, miaka mingi. Mafundi wa hapa waliizunguka tu, wakasema kabureta mbili ni balaa, ukipatia moja, ya pili inakataa.

Ndipo akaja Nestori. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, wakalima Kasanda, na yeye alijifunza ufundi kwa kuosha vifaa vya fundi magari mmoja kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Alikuwa na miaka ishirini na moja, mrefu, anaongea polepole kama mtu anayetafuta nati iliyodondoka kwenye majani. Tulikuwa tunajuana. Sitaandika zaidi ya hapo, wewe ni mtu mzima. Alikwenda kwa babu yako kwa heshima, akasema anataka kuleta wazee wake. Babu akamwangalia, akamwambia:

"Pikipiki hii washa kwanza. Ikiwaka, walete wazee, tutazungumza."

Ilikuwa kama mzaha, lakini babu hakuwa anatania, na Nestori naye hakuuchukua kama mzaha. Alifungua kabureta akaenda nazo alikopanga, akaziloweka kwenye petroli siku mbili. Hizo siku mbili ndizo zilizomponza baadaye. Wewe unajua uchafu wa zamani hautoki kwa kupulizwa, unatoka kwa kulowekwa. Babu alijua tu kwamba vyuma vyake vililala kwa mtu.

Siku ya tatu akarudi kuzifunga. Babu alikuwa shamba. Ilikuwa kiangazi, upepo unapeperusha vumbi jekundu mpaka kwenye vikombe. Mimi niliambiwa nikae jikoni, nisitoke mbele ya kijana ambaye bado hajaleta wazee. Nikatoka. Nilichana kitenge changu cha zamani, chenye maua ya njano, nikapata vipande viwili. Nestori alisema, "Ziba midomo ya injini, vumbi lisiingie, mimi nisafishe mipira ya kuungia kabureta." Nikaziba. Cha kulia nilikiacha kikining'inia. Cha kushoto nilikisukuma kwa kidole mpaka ndani kabisa, kisionekane hata ncha, nikijiona mimi ndiye najua kulinda injini. Hakuna aliyenituma kukisukuma hivyo. Nilitaka anisifu.

Alianza na ya kulia, akatoa kitambaa yeye mwenyewe, akanirushia begani, akaifunga. Tulikuwa tunacheka jambo fulani. Halafu nikasikia kengele ya baiskeli ya babu yako kwenye kona ya barabara, anarudi kabla ya wakati. Nestori alikuwa tayari ameshika kabureta ya kushoto, ameielekeza kwenye mpira wake. Akaniuliza bila kuinua macho, "Cha kushoto umetoa?"

Nikasema, "Nimetoa."

Nilikuwa naangalia barabara. Nilisema nimetoa kwa sababu ndilo neno fupi kuliko yote, nikakitupa kile cha begani kwenye kigoda, nikakimbilia jikoni. Yeye akaamini, akasukuma kabureta ikakaa, akakaza klipu.

Nimesimama tena. Nimeona umeinama unachungulia mpira wa kushoto na umekunja uso, nikadhani umegundua kitu. Kumbe mdudu.

Babu alifika, akaweka jembe chini. Nestori akamwambia, "Mzee, piga kiki wewe mwenyewe, ni yako." Babu akapiga mara nne. Ya tano ikawaka. Nilitoka jikoni na nikasahau kwamba nilitakiwa nisionekane. Lakini mlio ulikuwa mbaya, mzito, inatikisika kama mtu mwenye homa. Nestori alinifundisha zamani kwamba pikipiki ya kabureta mbili unaweka viganja nyuma ya eksozi, kimoja huku kimoja kule, mpumuo uwe sawa pande zote. Akaweka. Nikaona uso wake umebadilika. Akasema:

"Mzee, upande wa kushoto haupumui. Niruhusu nifungue tena."

"Ufungue tena umalizie kilichobaki?"

"Mzee, sijachukua kitu."

"Siku mbili kabureta zangu zimelala kwako. Zimeondoka nzima, zimerudi zimekufa upande." Halafu akasema lile neno, na alilisema kwa Kiha, taratibu, ili liingie. Alisema Mrundi hana kwao, ndiyo maana haoni haya kuiba kwa mtu.

Ikazima yenyewe. Wakati wanabishana mimi nilisogea nikagusa eksozi ya kulia, ikaniunguza. Nikagusa ya kushoto. Ilikuwa ya baridi kama mtungi. Nikageuza kichwa kutazama kigoda. Palikuwa na kitambaa kimoja cha maua ya njano. Kimoja.

Nilijua palepale, Editha. Sikujua baadaye, sikuambiwa na mtu. Nestori alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, mikono yake myeusi ikining'inia, na neno moja la kwangu lingemtosha. Lakini kusema "ni kitambaa changu" ilikuwa ni kusema nilikuwa nimekaa naye, peke yetu, mikono yangu na yake kwenye kazi moja. Nikafikiri, acha hasira ya babu ishuke, nitasema jioni. Jioni nikafikiri, nitasema kesho. Kesho yake Nestori alikuwa amekwishapanda lori la mahindi kwenda Kasulu, na mimi baada ya wiki chache nikajua kwamba nina wewe.

Babu alipokwenda Kakonko msibani, nilichukua spana ya kuazima nikafungua kabureta ya kushoto, nikakivuta kitambaa kwa waya wa baiskeli. Kilikuwa kimeloa petroli, nusu yake imenyonywa kuelekea ndani ya injini. Nikairudisha kabureta kwa haraka. Leo mchana umesema, "Mpira wa kushoto umekunjwa chini ya klipu, fundi gani mjinga alifunga hivi?" Ni mama yako. Kwa hiyo hata nilipotaka kurekebisha niliiharibu upya, inanyonya hewa pembeni, na pikipiki ikasimama pale miaka yote kama ushahidi wa uongo.

Unadhani hapo ndipo palipo kosa langu kubwa. Mimi nadhani liko baadaye. Ulipozaliwa, una wiki tatu, mama yake Nestori alikuja kwa miguu kutoka Kasanda na jogoo na mkungu wa ndizi kichwani. Alisimama pale kwenye miti ya uzio. Babu akamwambia kwake haingii mtu wa mwizi. Yule mama aliweka ndizi chini, akamfunga jogoo kwenye mti, akageuka. Mimi nilikuwa ndani nakunyonyesha, dirisha hilihili. Sikuwa tena msichana anayeogopa kuonekana na kijana, mtoto alikuwa amekwishaonekana na dunia nzima. Sikuwa na sababu yoyote siku ile. Nilinyamaza kwa mazoea tu. Ndizi tulizila.

Nakuandikia haya si ili unihurumie. Nakuandikia kwa sababu unakwenda kushika vyombo vya watu, na siku moja mtu atakuuliza, umetoa, umekaza, umeangalia? Mimi nikiulizwa hivyo hata sasa, hata ikiwa ni moto wa jiko tu, naacha nilichoshika. Nakwenda naangalia ndipo najibu. Wewe umenicheka miaka yote kwa ajili ya vitambaa. Fundi wa kijiweni aliyekufundisha kazi alisema, "Mama Editha anahesabu vitambaa kama msimamizi wa kura." Viwili vimeingia, viwili vitoke, nivione kwa macho kabla hujafunga. Ulidhani ni wazimu wa mama. Sasa unajua.

Na lile kofi. Ulikuwa na miaka kumi na moja, ukarudi nyumbani nywele zinanuka petroli, umefurahi, umeshika boya la kabureta kama yai. Nikakupiga. Nilikuambia ni kazi ya wanaume. Haikuwa hivyo. Niliona mikono ya baba yako kwenye mikono yako, na niliogopa kwamba siri yangu imefichuka. Kofi lile naliomba msamaha hapa, na nitaliomba tena kwa mdomo nikiweza.

Mwaka uleule dereva wa basi la Kasulu anayekunywa chai kwangu aliniletea kifurushi cha gazeti. Ndani kulikuwa na spana namba kumi, si mpya, imeng'aa kwa kushikwa. Akasema, "Nestori kasema mpe mtoto. Akiuliza, sema ni ya fundi mmoja." Nikakuambia mteja kaisahau. Ndiyo hiyo uliyoichukua sasa hivi kwenye droo. Unayoipenda, usiyomwazima mtu.

Dereva aliongeza jambo lingine, akicheka, hakujua anachobeba. "Kaniuliza pia, ile pikipiki ya Mzee iliwahi kuwaka pande zote mbili?" Miaka yote ile, na bado alikuwa anauliza upande wa kushoto. Nadhani amekuwa akiifungua kichwani kila siku, nati kwa nati, akitafuta alipokosea. Hakukosea popote. Sikutuma jibu.

Ana karakana ndogo Kasulu, nyuma ya soko, jirani na mashine ya kusaga. Ana mke na watoto. Sikuambii ili uende kunirudishia mtu, hayo yalikwisha na nimeyazoea. Usiende kama hutaki. Lakini usivuke barabara kwa sababu yangu. Kama ni kuvuka, vuka kwa sababu yako mwenyewe, ukiwa unajua kwamba yule mtu hajamwibia babu yako hata nati moja.

Sasa nimefika mahali ambapo naogopa zaidi, na kalamu imeanza kukwaruza. Nikiiweka barua hii kwenye begi, utaisoma Kasulu. Utalia au utakasirika, na mimi sitaona. Babu atabaki hapa na hadithi yake, ataisimulia mpaka azikwe nayo, na hapo nitakuwa nimesema "nimetoa" kwa mara ya tatu, baada ya Nestori na baada ya mama yake. Nimeona hilo sasa hivi, nikiandika. Sikuliona nilipoanza.

Kitambaa ninacho. Nilikifua, kikakauka, nikakiweka chini ya sanduku, na nimekitoa leo asubuhi. Kipo hapa juu ya goti. Maua ya njano yamefifia lakini yanaonekana bado. Nilitaka kukiweka ndani ya bahasha.

Uani umepiga kelele kidogo, nadhani umebana kidole. Hapana, umesimama. Umenyoosha mpira wa kushoto, nakuona unaupitisha kidole kuzunguka kote kama mtu anayefuta mdomo wa mtoto. Babu kakuuliza kama uko tayari, na wewe umesema, "Bado, Babu. Mama hajahesabu." Amecheka. Vijiwe havirushwi tena. Amesogeza kigoda karibu na eksozi, ameshanyoosha viganja vyake viwili hewani, anangojea kusikia kwa mikono.

Unajua, kama ikiwaka sawasawa leo atasema maneno yaleyale. Atasema, mnaona, Mrundi alishindwa, mjukuu wangu kaweza. Atasema kwa furaha kabisa. Na wewe utanitazama.

Unaniita. "Mama, njoo, viwili vimetoka, njoo uvione nifunge." Mara ya pili unaniita. Nakuja, mwana wanje. Nakuja na cha tatu mkononi, na barua hii naiacha hapa kitandani, maana babu yako naye anapaswa kusikia, nitakiweka kwenye kigoda mbele yenu wote wawili kabla hujakaza klipu, niseme kwamba siku ile Nestori aliniuliza, na mimi